Maswali ya Wasomaji: Namba za Dialisisi Zinapendeza, Mbona Mwili Unakonda?

Barua nyingi zilizofika katika safu hii hivi karibuni zimetoka kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine na kwa ndugu wanaowauguza. Karibu zote zinagusa mambo mawili ambayo kliniki huyapima kwa namba, yaani kiasi cha usafishaji anachokipata mgonjwa na protini anayokula. Nimeanza na barua ambayo naona jibu lake linapaswa kujulikana na kila familia yenye mgonjwa wa dialisisi.

Shikamoo daktari. Mume wangu anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara. Mwaka jana karatasi yake ya majibu ilionyesha Kt/V ya 1.37. Safari hii imeonyesha 1.55, na tumepongezwa kwamba dozi imevuka lengo. Lakini mimi ninayeishi naye naona suruali zake zinampwaya, mabega yamechongoka, na chakula anakigusagusa tu. Mashine ni ile ile na saa ni zile zile. Kama damu inasafishwa vizuri kuliko zamani, mbona anakonda?

Marahaba, mama. Umeona kwa macho yako jambo ambalo namba hiyo haiwezi kulisema, na nakuomba usitulizwe na pongezi mpaka swali lako lijibiwe kliniki.

Kt/V ni hesabu fupi. K ni kiasi cha damu ambacho chujio la mashine linakiondolea yurea yote (taka itokanayo na protini) kwa dakika moja, t ni muda wa kusafishwa, na V ni ujazo wa maji yote ya mwili, kwa sababu yurea hutapakaa humo mote. Ilipata umaarufu mwaka 1985, pale Frank Gotch na John Sargent walipochambua upya matokeo ya utafiti mkubwa wa dialisisi wa Marekani, na tangu hapo imekuwa kipimo cha dozi katika kliniki nyingi duniani. Kwa mgonjwa anayesafishwa mara 3 kwa wiki, mwongozo wa Marekani unaweka lengo la 1.4 kwa kila kipindi, na dozi anayoipata kweli isipungue 1.2.

Sasa tufanye hesabu ya mfano, kwa mwanamume wa kilo 60. Chujio likisafisha mililita 200 kwa dakika, kwa dakika 240, jumla ni lita 48. Mwanamume huyo huwa na takriban lita 35 za maji mwilini. Gawanya 48 kwa 35, unapata 1.37. Tuseme baada ya miezi kadhaa ya kula vibaya amepoteza misuli, na kwa kuwa misuli hubeba maji mengi kuliko mafuta, maji ya mwili yameshuka hadi lita 31. Gawanya 48 zile zile kwa 31, unapata 1.55. Mashine haijaongeza kazi hata kidogo. Kilichobadilika ni mwili uliopungua, na hesabu ikauhesabia upungufu huo kama mafanikio.

Siwezi kusema kwamba hilo ndilo lililompata mumeo, kwa sababu namba inaweza kupanda kwa sababu njema pia, kama vile fistula (mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya sindano za dialisisi) iliyokomaa ikapitisha damu kwa kasi zaidi, au chujio kubwa zaidi. Inaweza vilevile kupanda kwa kosa la kuchukua damu. Damu ya mwisho inapaswa kuchukuliwa baada ya pampu kupunguzwa kasi hadi kama mililita 100 kwa dakika kwa sekunde 15 hivi, ili damu iliyotoka kusafishwa isirudi kwenye sindano na kujifanya ndiyo damu ya mwili mzima. Hatua hiyo ikirukwa, yurea ya mwisho inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na Kt/V inaonekana kubwa. Ni haki yenu kuuliza damu ilichukuliwaje, na muuguzi makini hatakasirika kuulizwa.

Kilicho muhimu zaidi ni uzito mkavu, yaani uzito anaotakiwa kufikia maji ya ziada yakishatolewa. Mtu akikonda halafu uzito huo usirekebishwe, mashine itaendelea kumwachia kilo zile zile kila siku, ingawa nyama imetoka na maji yameingia mahali pake. Mizani itakuwa imetulia kabisa. Shinikizo la damu litaanza kupanda, miguu itavimba, na atapata shida ya kupumua akilala chali. Kwa hiyo mwangalie mwili, si mizani peke yake. Tazama kwenye panja, pale pembeni mwa macho, kama pamebonyea. Mwambie abane kidole gumba na cha shahada, kisha uguse ule mnofu ulio kati yake, ambao kwa mtu mwenye lishe nzuri huinuka na kuwa mgumu, na kwa aliyepoteza misuli hubaki bapa. Ukiona dalili hizo, sema siku hiyo hiyo, na uombe apimwe upya uzito mkavu, aonane na mtaalamu wa lishe, na muonyeshwe kipimo kiitwacho nPCR, ambacho hukadiria protini anayokula kutokana na jinsi yurea inavyopanda kati ya kipindi kimoja cha dialisisi na kingine. Mtu ambaye hali yake imetulia na nPCR yake iko karibu na gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku anakula inavyotakiwa. Ikiwa chini ya 0.8, tuna tatizo, hata Kt/V iwe nzuri namna gani.

Daktari, kabla sijaanza dialisisi nilikatazwa nyama na mayai kwa muda mrefu, nikaambiwa protini inachosha figo. Sasa naambiwa nile zaidi. Nimebaki njia panda, na naogopa kwamba nikila hivyo sumu itajaa mwilini. Nimfuate nani?

Ndugu yangu, waliokuambia mwanzo walikuwa sahihi, na wanaokuambia sasa wako sahihi. Hali yako ndiyo iliyobadilika. Figo zilipokuwa bado zinafanya kazi kwa kiasi, lengo lilikuwa kuzipunguzia mzigo. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2020 unashauri gramu 0.55 hadi 0.60 za protini kwa kilo ya uzito kwa siku kwa mtu wa hali hiyo asiye na kisukari, tena chini ya uangalizi wa karibu. Mwongozo huo huo unashauri gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa anayesafishwa damu. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni tofauti ya kutoka gramu 33 au 36 hadi gramu 60 au 72, yaani karibu mara mbili. Nasikitika kwamba mabadiliko makubwa namna hii mara nyingi mgonjwa huelezwa kwa haraka, katika wiki zile za kwanza ambazo kichwa chake kimejaa mambo ya sindano na mashine, na hofu ya zamani inabaki naye kwa miaka.

Sababu ziko wazi. Chujio haliwezi kutenganisha taka na vitu vidogo vyenye faida, hivyo katika kila kipindi hupotea takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, ambazo ndizo mwili unazitumia kujenga protini. Kitendo chenyewe cha damu kupita kwenye mashine huuchochea mwili kuvunja misuli, na hali hiyo huendelea kwa saa kadhaa baada ya kutoka kitandani. Ongeza damu kidogo inayobaki kwenye mirija, ongeza siku ambazo mgonjwa anashinda bila kula kwa sababu ya ratiba ya kliniki, utaona jinsi hasara inavyojikusanya.

Gramu za protini si gramu za chakula, na hapa wengi hukosea. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Gramu 100 za kuku au samaki aliyepikwa, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, zina kama gramu 25. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama gramu 15. Mtu wa kilo 60 akila mayai 2, kipande kimoja cha samaki na kikombe cha maharagwe, amefika gramu 52, na nafaka za siku nzima zitamfikisha kwenye lengo. Maharagwe yana potasiamu, kwa hiyo yaingizwe kwa kufuata majibu yako ya damu, si kwa kuigiza mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kula pia chakula cha kutosha cha nguvu, kiasi cha kilokalori 25 hadi 35 kwa kilo kwa siku. Nishati ikipungua, mwili utaichoma protini kama kuni, na yote uliyojitahidi kula hayatafika kwenye misuli. Kuhusu hofu yako ya sumu, ni kweli kwamba yurea itapanda kidogo ukila protini zaidi. Kazi ya kuiondoa ni ya mashine, mradi dozi inatosha. Ukijinyima chakula ili mashine ipate kazi nyepesi, mwili wako ndio utakaolipa.

Mimi nilifurahi kuona yurea yangu kabla ya dialisisi iko chini kuliko ya wenzangu wote. Je, si dalili kwamba nasafishwa vizuri?

Inaweza kuwa, na inaweza kuwa kinyume chake. Yurea inatokana na protini inayovunjwa mwilini, kwa hiyo huwa ndogo kwa anayesafishwa vizuri na huwa ndogo pia kwa asiyekula. Kriatinini, taka nyingine ya damu, nayo hutoka kwenye misuli, na kwa mgonjwa wa dialisisi kriatinini inayoshuka mwezi hadi mwezi hunitia wasiwasi kuliko iliyo juu na imetulia. Mwaka 1990, Lowrie na Lew walichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 12,000 wa dialisisi nchini Marekani, wakaonyesha kwamba albumini (protini iliyomo kwenye damu) ya chini ilifungamana kwa nguvu na hatari ya kifo, na kriatinini ya chini nayo iliashiria hatari. Wengi waliozoea kuogopa namba kubwa walilazimika kujifunza kuogopa namba ndogo.

Kama unakula vizuri, una nguvu, uzito mkavu haushuki na bado unapata mkojo wa kutosha, furahi. Kama unakula nusu sahani, basi furaha hiyo iahirishwe mpaka nPCR na albumini zitazamwe. Ukisoma albumini, ujue kwamba haishushwi na njaa peke yake. Uvimbe wa ndani, maambukizi na maji mengi mwilini huishusha pia, na kwa sababu hiyo kumlaumu mgonjwa kwamba hali chakula kwa kuangalia albumini tu ni kumwonea.

Kaka yangu amepoteza hamu ya chakula. Tunafikiri tuombe aongezewe dozi ya dialisisi ili hamu irudi. Je, ni kweli kwamba kusafishwa zaidi kunaleta hamu ya kula?

Ni kweli hadi kiwango fulani, na kuvuka hapo faida haionekani. Mtu asiyesafishwa vya kutosha hupata kichefuchefu, ladha mbaya mdomoni na kuchukia nyama, na dozi yake ikirekebishwa mara nyingi hamu hurudi. Mwaka 1989 Lindsay na Spanner walitoa wazo kwamba ulaji wa protini wa mgonjwa hutegemea aina na wingi wa matibabu anayoyapata, na kwa miaka mingi michoro iliyoonyesha Kt/V na nPCR zikipanda pamoja ilichukuliwa kama uthibitisho. Tatizo ni kwamba vipimo hivi viwili hukokotolewa kutokana na sampuli zile zile za damu, hivyo kwa sehemu vinapanda pamoja kwa sababu ya hesabu yenyewe, hata kama mgonjwa hajaongeza tonge.

Jibu thabiti zaidi lilitoka kwenye utafiti wa HEMO, uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 1,846 na kuchapishwa mwaka 2002. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata dozi ya kawaida, ambayo kwa wastani ilifika Kt/V ya 1.32, na wengine dozi ya juu, iliyofika 1.71. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, na dozi ya juu haikuzuia lishe kudorora kadiri muda ulivyopita. Kwa wanawake ilionekana dalili kwamba dozi ya juu ina manufaa, na mimi naona ni busara kutokuwa mchoyo wa dozi kwa mwanamke mwenye mwili mdogo, kwa sababu V yake ni ndogo na Kt/V inaweza kupendeza mapema mno.

Kwa hiyo ulizeni kwanza dozi ya kaka yako ni ipi. Ikiwa chini ya 1.2, ombeni irekebishwe bila kuchelewa. Ikiwa iko 1.4 au zaidi na damu ilichukuliwa kwa usahihi, sababu itafutwe kwingine. Asidi ikizidi kwenye damu huvunja misuli, na bikaboneti, inayopunguza makali ya asidi hiyo, kabla ya dialisisi isiwe chini ya 22. Maambukizi yaliyojificha kwenye katheta (mrija wa dialisisi unaoachwa mwilini) au kwenye fizi humaliza hamu bila homa kubwa. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuwa na tumbo linalochelewa kusukuma chakula. Choo kigumu, vidonge vingi kabla ya mlo na msongo wa mawazo vyote huchangia. Msongo huu hausemwi sana na wanaume, kwa hiyo mwulizeni mkiwa wawili tu, si mbele ya familia nzima.

Naomba kujua kama kuna madhara nikitolewa kwenye mashine dakika 30 kabla ya muda. Huwa nachoka sana mwishoni.

Yapo. Katika saa 4, dakika 30 ni asilimia 12.5 ya dozi. Ukifanya hivyo mara 3 kila wiki, kwa mwaka utakuwa umepoteza saa 78, ambazo ni sawa na vipindi karibu 20 vya dialisisi ambavyo hukuvipata. Maji nayo yana hesabu yake. Mtu wa kilo 60 anayetolewa lita 3 kwa saa 4 anatolewa mililita 12.5 kwa kilo kwa saa. Kwa saa 3 na nusu inakuwa 14.3, na kuvuka 13 kumehusishwa na hatari kubwa zaidi kwa moyo. Huenda uchovu na mikakamao ya misuli unayoikimbia vinatokana na maji kuvutwa kwa kasi, na ukifupisha muda unaongeza kile kile kinachokutesa. Mwambie daktari wako akutazamie uzito mkavu, chumvi unayokula, na dawa za presha unazomeza asubuhi ya dialisisi. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa ni kurefusha kipindi, si kukipunguza.

Mama yangu anasafishwa damu, na mimi ndiye ninayempikia. Nikimwongezea protini, fosforasi inapanda na tunagombezwa. Nikiipunguza, anadhoofika. Nifanyeje?

Mwanangu, pole kwa kazi hiyo, na usikubali kulazimishwa kuchagua kati ya mifupa ya mama na misuli yake. Fosforasi haiji kwa njia moja. Ile iliyomo kiasili kwenye nyama, samaki na mayai hunyonywa kwa sehemu tu, mara nyingi kati ya asilimia 40 na 60. Ya maharagwe na nafaka zisizokobolewa hunyonywa kwa kiasi kidogo kuliko hapo, kwa sababu imeshikwa ndani ya mbegu. Lakini ile inayoongezwa kiwandani kwenye soseji, nyama za kopo, jibini laini, soda nyeusi na vyakula vingi vya pakiti huingia mwilini karibu yote. Soma maandishi ya pakiti, na ukiona neno lolote lenye "fosfeti" ndani yake, rudisha pakiti mahali pake. Familia nyingi hupunguza mayai, kumbe soseji ndizo zinazoleta shida.

Ute mweupe wa yai una protini safi na fosforasi kidogo sana, kwa hiyo yai moja zima likiongezewa ute wa mayai mawili ni chakula kizuri cha asubuhi. Nyama ukiichemsha kwanza ikiwa imekatwa vipande vidogo, kisha ukamwaga maji hayo kabla ya kuiunga, unapunguza fosforasi na potasiamu huku protini kubwa ikibaki. Supu ya mifupa iliyochemka muda mrefu mwachieni mgeni.

Siku ya dialisisi ale kabla ya kwenda, na kama kliniki inaruhusu na shinikizo lake la damu halishuki, ale kitu chepesi chenye protini akiwa kwenye mashine. Akirudi, ale tena akishapumzika. Vile vidonge vya kuzuia fosforasi vinafanya kazi ndani ya tumbo, kwa kuishika iliyomo kwenye chakula, kwa hiyo avimeze katikati ya mlo au pamoja na matonge ya kwanza. Akivimeza saa 2 baada ya kula, havitakuta kitu cha kushika. Mlo wenye nyama unahitaji vidonge zaidi ya kikombe cha uji, na daktari anaweza kuwapangia idadi kulingana na sahani. Mpelekee orodha ya alichokula kwa siku 3, moja wapo ikiwa ya dialisisi, na saa alizomeza vidonge.